Makala: Mgeni wa Angani na Umri wa Mwanadamu

Katika wilaya ya Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, kuna bonge la chuma lililolala mlimani tangu zama ambazo hakuna azikumbukaye. Urefu wake ni mita 3 hivi, na uzito wake unakadiriwa kuzidi tani 10. Halikuyeyushwa katika tanuri lolote la duniani. Lilitoka angani, na wataalamu wanaamini kuwa lilianguka maelfu ya miaka iliyopita. Wageni hulizunguka, hulipapasa, hupiga picha na kuondoka. Wachache hujiuliza: je, lingekuwa kubwa zaidi ya hapo?

Jibu la swali hilo, msikilizaji, limefukiwa Mexico. Miaka milioni 66 iliyopita mwamba wenye upana wa kilomita 10 hivi uliigonga dunia mahali panapoitwa leo Chicxulub, katika rasi ya Yucatán, ukaacha shimo lenye kipenyo cha kilomita zipatazo 180. Vumbi na masizi vilitanda angani, nuru ya jua ikazibwa, mimea ikanyauka, na robo tatu hivi ya aina za viumbe zikatoweka. Madinosaria waliokuwa wameitawala nchi kavu kwa zaidi ya miaka milioni 100 walikwisha, isipokuwa ukoo uliotuletea ndege. Mwanadamu wa aina yetu ana umri wa miaka 300,000 tu, kwa ushahidi wa mabaki yaliyopatikana Jebel Irhoud, Morocco. Ikiwa watawala wale wa kale hawakusalimika, mwanadamu ana hoja gani ya kudhani kuwa nafasi yake ni ya milele?

Ugumu wa jambo hili umo katika saa mbili zisizolingana. Saa ya mbingu huhesabu kwa mamilioni ya miaka, ilhali saa ya siasa huhesabu kutoka uchaguzi mmoja hadi mwingine. Mwamba kama ule wa Chicxulub huja mara moja katika makumi ya mamilioni ya miaka. Wenye upana wa mita 140, unaoweza kuangamiza jimbo zima, hukadiriwa kuja mara moja katika miaka 20,000 hivi. Ni waziri gani wa fedha atakayetenga fungu kwa ajili ya msiba ambao huenda usimkute hata kitukuu wa kitukuu chake?

Hata hivyo, mbingu hazikosi kukumbusha. Juni 30, 1908, mlipuko uliotokea juu ya Tunguska, Siberia, uliangusha miti katika eneo la kilomita za mraba zaidi ya 2,000. Februari 15, 2013, mwamba wa mita 20 hivi ulipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk nchini Urusi. Watu wapatao 1,500 walijeruhiwa, wengi wao kwa vioo. Waliona mwako, wakakimbilia madirishani kutazama, na kishindo kikawafikia wakiwa hapo hapo. Hakuna aliyekuwa ameuona mwamba huo ukija, kwa kuwa ulitokea upande wa jua.

Baada ya tukio hilo ulimwengu uliamka kidogo. Mwaka 2014, kwa mapendekezo ya Umoja wa Mataifa, viliundwa vyombo viwili: mtandao wa kutoa tahadhari, na jopo la mashirika ya anga la kushauri hatua za kuchukua. Septemba 26, 2022, chombo cha Marekani kilichoitwa DART kilijigongesha kwa makusudi kwenye mwamba Dimorphos, wenye upana wa mita 160 hivi, umbali wa kilomita milioni 11. Mwamba huo uliokuwa ukimzunguka mwenzake kwa saa 11 na dakika 55, ulipungukiwa na zaidi ya nusu saa. Kwa mara ya kwanza tangu uhai uanze, kiumbe wa dunia hii alibadili njia ya gimba la angani.

Lakini uwezo huo umeleta swali zito kuliko lile la ufundi. Desemba 27, 2024, darubini iliyoko Chile iligundua mwamba uliopewa jina 2024 YR4. Februari 2025 uwezekano wa kuigonga dunia mwaka 2032 ulifikia asilimia 3, kabla ya vipimo zaidi kuufuta. Katika majuma yale ya wasiwasi, wataalamu walichora ukanda wa hatari: kutoka mashariki mwa Pasifiki, kupitia kaskazini mwa Amerika ya Kusini, Atlantiki, Afrika na Bahari ya Arabu, hadi Asia ya Kusini. Mataifa mengi yaliyo chini ya mstari huo hayana roketi ya kufikisha chombo huko.

Na kuusukuma mwamba maana yake ni kuisogeza hatua kwa hatua ile nukta ambapo ungeanguka. Jaribio likifaulu nusu, balaa lililomlenga mmoja litamwangukia jirani yake. Basi nani atatoa amri? Jopo lililopo hushauri tu, haliamuru. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu haumo angani peke yake, umo pia katika meza ya mataifa, na ni heri uzibwe sasa, wakati hakuna anayejua ni mji gani utakaolengwa.

Ni kweli kwamba hata ukuta imara una mwisho wake. Jua linazidi kung'aa polepole, na yapata miaka bilioni moja ijayo joto lake linatarajiwa kuzikausha bahari. Lakini huo ni muda mrefu mno. Kilicho karibu zaidi ni mikono ya mwanadamu mwenyewe, ambaye bado anahifadhi vichwa vya nyuklia zaidi ya 12,000, huku miamba ya mita 140 na zaidi aliyokwisha kuiorodhesha haifiki nusu ya ile 25,000 inayokadiriwa kupita jirani na dunia.

Usiku wa Aprili 13, 2029, mwamba Apophis, wenye upana wa mita 340 hivi, utapita kilomita zipatazo 32,000 tu kutoka usoni mwa dunia, chini ya njia ya setilaiti nyingi za mawasiliano. Hautatugonga. Katika sehemu kubwa za Afrika, Ulaya na Asia ya Magharibi utaonekana kwa macho matupu, kama nyota inayosafiri. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyo atapita kwa amani. Atakayefuata anaweza asiwe mpole, na uponyaji wa mwenyeji utategemea matayarisho yaliyofanywa kabla hajabisha hodi.