MBOGA NYUMBANI KWAKO: ANZA NA TUTA MOJA
(Maneno ya Katibu wa Chama kwa wanaushirika wa Majengo)



Haya niliyasema mkutanoni. Nimeyaandika hapa ukutani ili asiyekuwapo asome, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake bila kuona haya. Hata mimi herufi nimezijulia ukubwani, katika darasa la watu wazima.

Faida ya kusoma niliiona siku mjukuu wangu alipopimwa kliniki. Niliishika kadi yake nikaisoma mwenyewe. Muuguzi akaniambia: Mzee, kimo cha mtoto huyu ni kidogo kuliko umri wake. Ndugu zangu, nilinyamaza. Maana nyumbani nilikuwa na magunia ya mahindi yamepangana mpaka darini!

Na si kwangu tu. Mkoa wetu wa Rukwa unalisha wengine kwa mahindi, lakini hesabu za taifa za mwaka 2022 zilionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Miaka ya 2015 na 2016 walikuwa 56 katika kila 100. Tumepunguza, lakini bado ni aibu. Ghala limejaa, mtoto hakui. Kwa nini? Sababu ni nyingi, na moja ni hii: tunamshibisha ugali mtupu.

Sasa mtu atasema, bustani ni mambo ya wataalamu. Si kweli. Wazee wetu wa Ufipa walilima ntumba. Walikusanya nyasi, wakazifukia kwa udongo, juu wakapanda maharage. Msimu uliofuata walitawanya udongo ule uliorutubika wakapanda ulezi. Hiyo ndiyo mboji, na tuliijua kabla ya mbolea ya dukani. Na mwaka 1975 wazazi wetu walikaa vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Tulichopungukiwa si elimu, ni kuanza.

Basi tuanze hivi:

Kwanza, mahali. Chagua penye jua, karibu na jiko. Bustani ya mbali husahauliwa.

Pili, tuta. Upana hatua moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Tia debe moja la samadi iliyooza kwa kila hatua moja ya mraba. Nasisitiza: iliyooza! Mwaka wa kwanza mimi nilitia samadi mbichi, miche yote ikaungua. Niliilaumu mbegu bure.

Tatu, uzio. Miche iliyobaki mwaka ule ililiwa na kuku, tena kuku wangu mwenyewe. Zungushia mabua au miiba kabla hujapanda, si baada.

Nne, mbegu. Baridi yetu ya Juni na Julai inazipenda kabichi, karoti na figiri. Mchicha husuasua kwenye baridi. Joto likirudi utauchuma baada ya wiki tatu au nne tu. Nyanya ziangalie sana wakati wa mvua, bakajani huzimaliza upesi. Anayeanza asipande nyanya kwanza, atakata tamaa. Na mnafu na majani ya maboga tusiyadharau, ni mboga kamili.

Tano, maji. Mvua zikikatika mwezi Mei, tumia maji uliyooshea mboga na nafaka. Funika udongo kwa nyasi kavu, unyevu ukae.

Asiye na kiwanja atumie gunia. Chukua kopo lisilo na kitako, lisimamishe katikati, lijaze kokoto. Zungushia udongo wenye samadi, kisha vuta kopo juu, ujaze tena, mpaka gunia lijae. Toboa ubavuni, panda figiri. Maji yamwagie kwenye kokoto.

Jikoni nako: osha kwanza ndipo ukate, usichemshe mpaka mboga ibadilike rangi, tia mafuta kidogo. Mboga peke yake haitoshi. Mtoto apate na maharage, dagaa, yai na maziwa, kila kinapopatikana.

Wako wanaume wasemao eti mboga ni kazi ya wanawake. Ndugu, kula unakula wewe, tena wa kwanza! Shika jembe. Na ukivuna usiuze zote. Za mtoto zitoke kwanza, ziada ndiyo iende sokoni.

Naomba jambo moja. Kabla ya mkutano ujao kila nyumba iwe na tuta moja au gunia moja. Mwenye mbegu ampe jirani kiganja kimoja. Haba na haba hujaza kibaba. Mimi nitapita nyumba kwa nyumba, lakini ninyi anzeni kupita kwangu. Mkikuta kuku bustanini, nisemeni hadharani.

Mjukuu wangu sasa huchuma figiri mwenyewe. Bado ni mfupi, lakini anakua.

Kazi iendelee shambani na nyuma ya nyumba pia.