Kulala Mlangoni mwa Udzungwa

Kipindi cha elimu kwa umma leo kinatua Mang'ula, kwenye barabara ya Ifakara kwenda Mikumi, lilipo lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Swali ni moja: mgeni wa hifadhini anataka malazi ya namna gani?

Kwanza, yawe karibu. Hifadhi hii iliyoanzishwa mwaka 1992 hutembelewa kwa miguu, si kwa gari. Anayepanda kwenda maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 hivi, anataka kuanza safari kabla jua halijawa kali. Akirudi jioni na viatu vyenye tope, anatafuta maji ya kuoga, kamba ya kuanikia nguo na sahani ya wali wa Kilombero.

Mahitaji ya aina hiyo hayako Udzungwa tu. Huko Florida, Marekani, tangu mwaka 1991 familia hununua haki ya kutumia kwa zamu nyumba za likizo za Disney. Nazo huulizia ukaribu na bustani za burudani, jiko, mahali pa kufulia na vyumba vya kuwatosha wazazi na watoto.

Huku kwenye Bonde la Kilombero kuna la ziada: chandarua. Utafiti uliofanyika Kilombero na Ulanga miaka ya 1990 ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa huokoa maisha ya watoto. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mgeni akikunjue, akiinue kwenye mwanga kutazama matundu, kisha ahakikishe kinachomekwa chini ya godoro pande zote. Mwenye nyumba naye ashone kilichotoboka kabla mgeni hajapiga hodi.