Mgeni wa Kulala na Daftari la Mwenye Nyumba

Nchini Burundi liko jina la Nyamugari upande wa Gitega, na liko pia upande wa Muyinga. Mgeni afikapo kwenye nyumba ya kulala wageni akaandika "Nyamugari" peke yake, hajasema atokako. Askari atakayelisoma daftari hilo baadaye, akimtafuta mtuhumiwa aliyetoroka au ndugu wa marehemu, atakwenda kugonga milango ya watu wasiohusika.

Jambo hili si dogo. Mwezi wa Januari 2024, wasichana wawili waliuawa mjini Nairobi katika nyumba zinazokodishwa kwa siku chache, mmoja mtaani South B na mwingine Roysambu. Baada ya mauaji hayo, serikali ya Kenya iliwataka wenye nyumba za namna hiyo wajiandikishe. Hoteli yenye kibao barabarani hujulikana. Chumba kilichokodishwa kwa simu, ufunguo ukaachwa kwa mlinzi, hakijulikani hata na jirani.

Burundi inalo daftari la kaya, ambamo kila alalaye nyumbani huandikwa, hata mgeni. Ni chombo kizuri kikishikwa kwa mikono safi. Askari amtozaye mgeni fedha usiku kwa sababu jina lake halimo, huwafundisha wenye nyumba kuwaficha wageni wao, na hapo ulinzi wenyewe hupofuka. Aidha, tangu mwaka 2025 mikoa 18 imekuwa mitano, na Muyinga imo katika mkoa wa Buhumuza. Karangamuntu ya zamani ikitaja mkoa wa Muyinga, mwenye nayo hakudanganya.

Leseni nayo isiishie kwenye karatasi na muhuri. Mkaguzi hana budi kuingia chumbani atazame kama dirisha limezibwa kwa nondo, na kama jiko la mkaa huingizwa ndani usiku wa baridi, maana gesi yake isiyonuka huua watu wakiwa usingizini. Tarehe 7 Desemba 2021, moto uliwaua wafungwa 38 katika gereza la Gitega. Wizara ikasema chanzo ni hitilafu ya umeme. Gereza si hoteli, ni kweli, lakini aliyefungiwa ndani huungua vilevile. Nyumba ya wageni inayotiwa kufuli usiku, ufunguo wake anao nani, naye hulala wapi? Doria ianze kwa kuuliza hilo, kabla ya kuomba karangamuntu.