Kabla ya Kuhesabu Lita

Wahitimu wetu, kazi mnayoiendea, ya kusafisha maji ya kunywa, husifiwa kwa lita. Mtambo wa Ruvu Chini ulipopanuliwa kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270, na Ruvu Juu kutoka milioni 82 hadi 196, Dar es Salaam ilifurahi, na ilistahili kufurahi. Lakini mto wa masika huja na tope, na tope huficha vimelea. Kwangu mimi, mtambo umeboreshwa pale tu maji yanapotoka kwenye chujio yakiwa maangavu, mvua inyeshe isinyeshe.

Mwaka 1993 jiji la Milwaukee, Marekani, lilikuwa likitia klorini kama kawaida. Mwezi Machi uchujaji katika mtambo wake mmoja ulilegea, tope likapanda, na kriptosporidiamu, kimelea kisichouawa na klorini ya kawaida ya maji ya kunywa, kikapita hadi mabombani. Watu wanaokadiriwa kufikia 403,000 waliugua. Matibabu na siku za kazi zilizopotea vilikadiriwa kugharimu dola milioni 96; maboresho yaliyofuata, pamoja na mtambo wa ozoni, yaligharimu takriban dola milioni 89. Kwa hiyo anayetuambia fedha hazipo, tumwonyeshe hesabu hiyo: zitatoka tu, kama si kwa mafundi basi kwa hospitali.

Wapo wanaosema tuanze na mabomba, kwa kuwa maji safi huchafukia njiani. Hoja hiyo ni nzito, hasa penye mgao, maana bomba likiwa tupu hunyonya maji ya mtaroni kupitia nyufa. Ila tope hula klorini. Maji yakitoka mtamboni na tope, klorini inayopaswa kuyalinda safarini huisha kabla ya kufika nyumba ya mwisho; bomba jipya halitairudisha. Wengine husema wananchi wachemshe maji. Wachemshe, ndiyo, lakini hapo gharama ya mtambo tumeihamishia kwenye mkaa wa kaya maskini, na hilo mimi silikubali.

Basi siku mtakapokabidhiwa zamu, ulizeni daftari la vipimo vya tope vya masika yaliyopita, saa kwa saa, chujio kwa chujio. Kama halipo, bajeti yenu ya kwanza ianze na vifaa vya kulijaza.