GIABOKSI IKIFA, NANI ATALIPA?

Maneno yaliyosomwa mbele ya madereva na mafundi katika mkutano wa tawi



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya malori ya gia za otomatiki, kwa kuwa yamekuwa mengi barabarani na yamekwisha leta ugomvi baina ya wafanya kazi na matajiri. Sisi tunaosema hapa ni madereva wawili na fundi mmoja. Hatukuja kujivunia ujuzi. Tumekuja kwa sababu mwenzetu mmoja nusura akatwe mshahara kwa kosa lisilo lake, na jambo hilo laweza kumpata ye yote kati yetu.

Mwenzetu huyo alikuwa akipandisha shehena kutoka Mai Mahiu kuja Nairobi. Katikati ya kilima injini ilinguruma lakini lori halikuongeza mwendo. Akakanyaga mafuta zaidi, harufu ya kuungua ikatoka, lori likasimama. Tajiri akatuma lori jingine, wakafunga mnyororo, wakalivuta mpaka gereji huku magurudumu yake yote yakizunguka chini. Kesho yake akaambiwa: "Wewe umeua giaboksi. Utailipa kidogo kidogo kila mwezi." Yeye alikuwa amemwambia msimamizi mara tatu kwamba lori lachelewa kushika gia. Lakini alisema kwa mdomo tu, na msimamizi akajibu kwamba hakumbuki.

Basi tuanze na chombo chenyewe, maana mtu asiyekijua hawezi kujitetea.

Malori ya otomatiki ni ya namna mbili. Namna ya kwanza haina klachi ya kawaida. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo kilichojaa mafuta, mafundi hukiita toki konvata. Injini huyazungusha mafuta, na mafuta huzungusha giaboksi. Ndani ya giaboksi mna sahani nyingi nyembamba zinazobanwa kwa nguvu ya mafuta, na pampu inayosukuma mafuta hayo huendeshwa na injini. Kwa hiyo mafuta hapa si ya kulainisha tu: ndiyo yanayobeba kazi, ndiyo yanayobana sahani, na ndiyo yanayopoza.

Namna ya pili ni giaboksi ya kawaida yenye klachi kavu, ila kompyuta na upepo ndivyo vinavyokanyaga klachi na kubadili gia. I-Shift ya Volvo, iliyotoka mwaka 2001, ni ya namna hii, na malori mengi makubwa yapandayo kutoka Mombasa ni ya namna hii. Ikiwa upepo wavuja au waya umelika, gia zaweza kukataa kuingia hali giaboksi yenyewe ni nzima. Fundi aulize kwanza: hili ni la namna gani? Asipojua, atafungua kisichoharibika.

Sasa dalili. Katika namna ya kwanza, ukiingiza gia na lori likachelewa kushika, hiyo ni dalili. Injini ikipanda mbio na lori lisifuate, sahani zinateleza. Ukisikia mshtuko kila gia inapobadilika, au taa ya joto la giaboksi ikawaka, usiendelee kwa kusema "nitafika tu". Tazama na mafuta. Mengi huwa mekundu yakiwa mapya. Yakiwa meusi na kunuka kama kitu kilichoungua, sahani zinakwisha. Yakiwa kama maziwa ya rangi ya waridi, maji ya rejeta yameingia, na hapo lori lisiende hata maili moja.

Kupima mafuta hayo si kama kupima ya injini. Kwa malori mengi lori liwe mahali tambarare, breki ya mkono imefungwa, gia nyutro, injini inawaka na mafuta yamepata joto. Mengine hayana kijiti cha kupimia. Hupimwa kwa kubonyeza vitufe vya gia. Fuateni kitabu cha lori. Mafuta yakipungua sahani huteleza. Yakizidi hutoka povu, na povu haliwezi kubana sahani. Wala msitie mafuta ya injini kwa kuwa ndiyo yaliyopo. Tumeona giaboksi iliyokufa kwa lita chache za mafuta yasiyo yake.

Lori likifa njiani, hili ndilo kubwa: lisivutwe magurudumu ya nyuma yakiwa chini. Injini ikizimika pampu haifanyi kazi, na magurudumu yakizunguka huzungusha giaboksi ikiwa kavu. Ama yainuliwe magurudumu yanayoendesha, ama itolewe propela. Lakini kabla ya kutoa propela wekeni mawe makubwa kwenye magurudumu, maana katika malori madogo mengi breki ya mkono hushika propela. Ukiitoa, breki hiyo haipo tena, na aliye chini ya lori ni tanboi au fundi, si tajiri.

Ninyi mafundi, msikimbilie kushusha giaboksi. Pimeni kwanza mafuta, betri, waya na upepo, na msome makosa yaliyowekwa na kompyuta. Mkilazimika kuishusha, kumbukeni kwamba ya lori kubwa yaweza kuzidi kilo 200, na mafuta yake yaliyo moto huunguza ngozi. Jeki peke yake si ulinzi, wekeni stendi. Tajiri akisema hana stendi, kazi hiyo haijawa tayari kufanywa. Na mkisha itengeneza, safisheni au badilisheni kipoza mafuta na mabomba yake. Vumbi la chuma lililobaki humo litarudi katika giaboksi mpya na kuiua, kisha mtaulizwa ninyi.

Tusijidanganye, ndugu, na sisi tuna makosa yetu. Wako wanaoingiza gia ya mbele lori lingali linarudi nyuma. Wako wanaoshika breki na kukanyaga mafuta ili lori liruke. Wako wanaoteremka milima na nyutro kwa kuokoa dizeli, nao wanaweka rehani roho zao na za wengine. Aliyekatazwa hayo akayafanya kwa kusudi, chama kitapata taabu sana kumsemea.

Lakini sheria yatenga kusudi na bahati mbaya. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. Kuchakaa kwa chombo si kosa la kusudi. Wala jumla ya makato yote haiwezi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Na kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa mwenendo mbaya au kazi mbovu, aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, na awe na mwenzake wa kazini au mjumbe wa chama aliyemchagua mwenyewe.

Katika shauri la mwenzetu, mjumbe wetu aliomba giaboksi ifunguliwe mbele yake. Ikafunguliwa. Chini mlikuwa na unga wa chuma, filta imeziba, kipoza mafuta kimejaa uchafu, na hapakuwa na karatasi yo yote kuonyesha ni lini mafuta yalibadilishwa. Tajiri akaacha shauri la kukata mshahara. Lakini majuma matatu mwenzetu alikaa bila safari na bila posho, na fedha hizo hazikurudi mpaka leo. Kama angalikuwa na karatasi moja tu yenye tarehe na sahihi ya msimamizi, neno hili lingekwisha kwa siku moja. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na kazi ya mtu ni mali yake.

Basi twatoa maombi matatu. Kwanza, kila dereva awe na kitabu kidogo. Aandike tarehe, kilomita, dalili aliyoiona na jina la aliyempa habari, kisha amwombe atie sahihi. Akikataa, andika kwamba amekataa, na upige picha ya ukurasa huo kwa simu yako. Pili, chama kidai katika mapatano yajayo kwamba dereva na fundi wafundishwe lori jipya kabla ya kukabidhiwa. Tatu, giaboksi isiwe deni la mtu kabla haijafunguliwa mbele ya mjumbe wa wafanya kazi.

Hatuombi upendeleo. Twaomba chuma kiulizwe kabla ya kuhukumiwa mtu.