Vyombo vya Muziki Nyumbani mwa Mungu

Hotuba ya wanakwaya katika sikukuu ya yubilei ya parokia



Tumeombwa, sisi wanakwaya, tuwaeleze kazi ya vyombo vya muziki vilivyomo kanisani mwetu. Navyo ni vine: kengele, ngoma, kayamba na kinanda cha umeme. Vyote vina lengo moja, ndilo kuwasaidia watu wa Mungu kusali kwa sauti moja.

Kengele huita watu, walio shambani na walio nyumbani. Baada ya Utukufu wa Alhamisi Takatifu hunyamaza mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka. Kunyamaza huko nako ni mafundisho.

Ngoma ilipitia njia ndefu zaidi. Wazee wetu waliipiga kwenye furaha na kwenye kilio. Lakini tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pio wa Kumi alikataza ngoma na piano zisipigwe kanisani. Kwa hiyo, miaka mingi, Mkristu aliingia kusali na kuiacha ngoma yake nje. Mwaka 1958, kule Kamina katika Katanga, Padri Guido Haazen na kwaya yake walianza kuimba Missa Luba: maneno ni ya Kilatini, midundo ni ya kwetu. Kisha, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikubali vyombo mbalimbali vitumike katika ibada, ikiwa vinapatana na heshima ya hekalu na kuwajenga waamini kweli. Mwaka 1988 Roma ikathibitisha Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, nchi yetu ilivyoitwa wakati ule.

Ngoma, basi, ni urithi uliongojewa. Kayamba ni mdogo wake: huifuata, haitangulii.

Kinanda cha umeme tunakipenda, kwa maana huzipatanisha sauti nne za kwaya. Lakini ndani yake mna ngoma isiyo na mpigaji. Mtu anabonyeza kidole, nayo inalia. Tangu kije, vijana wachache tu wamejifunza ngoma ya kweli. Umeme ukikatika katikati ya Misa, tunatazamana. Tena vipaza sauti vikizidi, wamama walio nyuma hufunga vinywa na kuwa wasikilizaji. Maagizo ya Roma ya tarehe 5 Machi 1967 yanasema wazi: vyombo vitegemeze sauti za waimbaji, visizifunike, na padri anapotamka peke yake sala inayomhusu, vyombo vyote vinyamaze.

Kwa sababu hiyo tunaomba mambo matatu. Kila mzee ajuaye ngoma achukue vijana wawili na kuwafundisha. Vipaza sauti vipunguzwe hadi sauti ya watu wote isikike. Na wakati wa Kwaresima vyombo vipigwe kwa kusaidia wimbo tu, kama Eklezia inavyotaka.

Ngozi ya ngoma ikipasuka, tutanunua ingine. Mkono wa mpigaji hauuzwi sokoni. Hufundishwa na mkono mwingine, wakati ungali na nguvu.

Mungu awabariki waliotufundisha kuimba, na awape pumziko la milele wale waliotutangulia.