Tusikimbilie kung'oa: maneno kwa mkutano wa wanachama, Baraka

Ba mama, ba baba, wandugu wote tuliorudi kutoka ng'ambo ya ziwa, na nyinyi marafiki munaotusaidia,

Leo nasema juu ya fizi. Si hii Fizi yetu (mushaanza kucheka), ni nyama inayoshika meno.

Wengi wetu tukiona damu kwenye mswaki, tunaacha kusugua upande ule. Ni kinyume. Damu inatoka kwa sababu uchafu umebakia kule. Usipotolewa unakuwa mgumu kama jiwe, ndio ukoga, na mswaki hauuwezi tena. Unashuka chini ya fizi, fizi inaachana na jino, panakuwa kamufuko. Munganga wa meno anakapima na kachuma kembamba: milimita 1 mpaka 3 ni sawa, kuanzia 4 ugonjwa umeingia. Ukiachiliwa, mfupa unaoshika jino unaliwa, na haurudi wenyewe. Ubaya wake, mara nyingi hauumi. Ukingoja maumivu, umechelewa.

Dawa ya kwanza si koleo. Ni kusafisha kwa kina. Munganga anadunga sindano ya ganzi, anakwangua ukoga mpaka chini ya fizi, analainisha mzizi wa jino ili fizi ishikamane nao tena. Mara nyingi unaenda mara mbili, upande mmoja kwanza, halafu mwingine. Siku chache meno yatasikia baridi, damu kidogo itatoka. Baada ya wiki kadhaa anapima tena. Kuna wanaosema kukwangua kunalegeza meno. Hapana, yalikwisha kulegea. Ukoga ndio ulikuwa unaficha. Kweli, mengine yamefika mbali, hayo yatang'olewa tu. Wavuta sigara na wagonjwa wa sukari wapimwe mapema.

Sasa njo neno langu kwa kamati. Sanduku letu linalipa kung'oa, halilipi kusafisha. Basi mama wa miaka 35, mwenye meno yanayoweza kupona, anachagua kile kinacholipiwa. Naomba mkutano ujao tubadilishe kanuni ile: kupima na kusafisha kwanza. Wafadhili, munisamehe, koleo tunazo. Tuleteeni vyuma vya kukwangua, na ganzi. Na sisi nyumbani, kila mtu na mswaki wake, si mmoja wa familia nzima, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, mara mbili kwa siku.

Wanaotaka kupimwa waandikishe majina kwa karani leo, mbele ya kutawanyika.